Andromeda: Tulicheka Nyuso, Hadithi Ikakatwa

Wapenzi wa Mass Effect, mfululizo wa michezo ya video ya anga za juu, wakikutana hapa Nairobi, hakosi mmoja wa kuigiza uso wa Andromeda, mchezo wake wa nne: macho yamemtoka, mdomo unatabasamu katikati ya msiba. Tunacheka sote. Mimi nacheka, kisha narudi nyumbani kuucheza tena.

Wanaoushutumu hawasemi uongo. Ulipotoka Machi 2017 nyuso zilikuwa kama za vinyago, mazungumzo mengi hayakuwa na chumvi, na kwa aliyemzoea Kamanda Shepard, shujaa wa michezo iliyotangulia, huyu Ryder, shujaa mpya, alikuwa mtoto wa jana. Tena uliuzwa kwa bei kamili. Mnunuzi hadaiwi subira.

Ila mapigano yake nani huyasifu? Unaruka kwa jeti ya mgongoni, unahepa risasi ukiwa hewani, unabadilisha uwezo wako bila kufungwa na fani uliyochagua mwanzoni. Katika ile mitatu ya kwanza hakuna unaofua dafu hapo.

Halafu kuna suala la muda, linalonisumbua kila likitajwa. Mchezo ulichukua takriban miaka 5, lakini mwanahabari Jason Schreier alipochunguza, Juni mwaka huohuo, aligundua sehemu kubwa ilijengwa kwa chini ya miezi 18. Miezi 18! Iliyobaki ilikuwa imeliwa na ndoto ya kuzalisha mamia ya sayari kwa kompyuta, ndoto iliyogoma, na kwa kupambana na Frostbite, injini (programu ya kujengea michezo) iliyoundwa kwa michezo ya vita ya Battlefield. Timu ya Montreal ya BioWare, kampuni iliyoutengeneza mchezo, ilikimbia mbio ndefu kwa pumzi ya mwisho, nasi tukawacheka kwa jasho.

Aprili masahihisho yalikuja, macho yakapata uhai kidogo. Lakini aliyenunua diski ya mitumba Luthuli Avenue na hana bando la kuyapakua, huyo bado anacheza ule wa siku ya kwanza. Ndiyo maana ubishi wetu hauishi: mmoja anautetea mchezo ambao mwenzake hajawahi kuuona.

Kinachoniuma mimi ni Agosti 2017, BioWare walipotangaza kwamba hadithi ya mchezaji mmoja haitaongezewa kitu. Safina ya Waquarian, meli ya anga ya jamii mojawapo ya viumbe wa hadithi hiyo, ilikuwa ingali angani. Mchezo unapoisha, ujumbe wao unasikika ukionya watu wasiifuate, na yaliyowapata yakaja kusimuliwa kitabuni. Nimeumaliza mara tatu. Kila mara nausikiliza ule ujumbe hadi mwisho, pedi mkononi, na hakuna kitufe cha kubonyeza.