Jumamosi ya Jua, Mbwa na Dagaa

Mume wangu, ambaye mtaani kwetu Mwanga, mjini Kigoma, anajulikana kwa jina la Baba Zawadi, anaamini kwamba mtoto asiyepelekwa ziwani kabla hajaota meno atakua mwoga, na kwamba mbwa wasiotembezwa mwisho wa wiki hugeuka wakorofi. Imani ya kwanza sijui aliitoa wapi. Ya pili aliithibitisha mwenyewe kwa kuwafungia Simba na Jeki karibu mwezi mzima wa Aprili kwa sababu ya mvua, mpaka wakatafuna ndala zangu, ufagio wa chelewa na kona moja ya banda lao. Basi Jumamosi moja, katikati ya masika, anga lilipoamka bila wingu hata la kusingizia, alitangaza kwamba familia nzima inakwenda Katonga, kando ya ziwa, na alipotaja familia aliwatazama mbwa.

Dereva wa bajaji tuliyempigia simu alikuwa kijana mstaarabu wa Ujiji, mwenye kofia safi kichwani, na alitusaidia kupakia kapu kubwa lenye pempasi, nguo za akiba, mkeka na themosi ya uji wa lishe. Alipowaona mbwa, alishusha pumzi.

"Mama, wewe na mtoto karibuni sana," alisema. "Lakini hao, nisamehe. Mate ya mbwa yakigusa kiti ni kuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Adhuhuri itanikuta bado nasugua bajaji."

Baba Zawadi alianza kumweleza kwamba Jeki ni mbwa asiyetoa mate kabisa, na hakuwa amemaliza sentensi yake Jeki alipoinamisha kichwa na kudondosha ute mrefu juu ya tairi la mbele. Dereva alilitazama tairi, kisha akanitazama mimi. Iliamuliwa kwamba mimi na Zawadi tutangulie, naye mwenye mbwa afuate kwa miguu, jambo alilolikubali kwa heshima zote huku akikitazama kilima kilichokuwa kinamsubiri.

Sasa ni lazima nieleze habari ya mwezi, kwa maana bila mwezi kisa hiki kisingetokea. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wakakutana na wavu. Wakati wa mbalamwezi taa hizo hazina mvuto, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika; giza linaporudi, mitumbwi hutoka kwa wingi. Wakishavuliwa, dagaa hutaka jua, na masika ndiyo kipindi ambacho jua ni la kubahatisha, kiasi kwamba mwanamke aliyenunua dagaa wabichi alfajiri anaweza kuwashuhudia wakioza jioni huku mvua ikinyesha. Kwa hiyo Jumamosi yenye jua kali, katika siku za giza, baada ya mvua mfululizo, ni Jumamosi ambayo kila dagaa aliyevuliwa Katonga yuko nje. Baba Zawadi alikuwa amelichunguza anga la mchana tu.

Nilipofika niliona ufuo mzima unang'aa. Waliokuwa na chanja walikuwa wameanika juu yake, na wengine walikuwa wametandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga na kumwaga dagaa humo, huku wakinamama wakiwageuza taratibu kwa mikono na kufukuza kunguru. Nilitafuta kivuli cha mwembe mbali na shughuli hizo, nikatandika mkeka. Baba Zawadi alitokea baadaye sana, shati limemganda mgongoni, akavutwa na mbwa mpaka kivulini, akafunga kamba zote mbili kwenye mikono ya kapu na kwenda kutumbukiza miguu majini, Zawadi akiwa kifuani.

Huko alianza somo. Mume wangu hawezi kuliona ziwa akanyamaza. Alimwambia mtoto kwamba ziwa hilo lina kina cha mita zipatazo 1,470 na kwamba duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi tu. Kisha akaingia kwenye habari ya Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma ikiwa vipande na kuunganishwa hapa, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo yake grisi, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Zawadi alisinzia meli ikiwa bado imezama. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja, na hilo la pili ndilo lililosikia kapu likiondoka.

Nilipogeuka, lilikuwa limeshafika mbali. Mbwa walikuwa wanalikokota kwa kasi kuelekea kwenye nyavu, nalo likitema pempasi moja baada ya nyingine, themosi ikifuata kwa kubingirika. Simba ndiye aliyetangulia kuzama. Alijitupa chali katikati ya dagaa, miguu yote minne hewani, macho kayafumba kwa raha, akaanza kugaagaa kushoto na kulia, na kila alipojigeuza tulisikia dagaa wakivunjika chini ya mgongo wake. Dagaa mmoja alisimama wima sikioni mwake. Jeki hakugaagaa, Jeki alikula, akianzia pembeni na kwenda kwa mistari iliyonyooka kama mkaguzi wa hesabu. Zawadi aliamshwa na kelele, akaona yote hayo, akapiga makofi.

Mama mmoja mtu mzima alimjia mume wangu polepole, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," alisema Baba Zawadi.

"Marahaba, baba. Hao mbwa ni wako?"

"Hawa? Mimi pia nawaona."

Jeki alitambua sauti. Alikuja mbio, akaweka nusu ya dagaa juu ya mguu wa bwana wake na kulala chini akitikisa mkia.

"Na wao wamekuona," alisema yule mama.

Alieleza bila kupandisha sauti kwamba dagaa waliopakwa mbwa hawezi kumuuzia mtu anayeswali, na asiyeswali naye akisikia habari zao hatawataka, hivyo tutawachukua wote. Baba Zawadi, aliyekuwa amejifunza sheria hiyo asubuhi ile ile, alipendekeza waoshwe mara saba.

"Nikiwaosha mara saba masika hii, utanianikia wewe?"

"Lakini udongo tayari upo, mama. Wamelala mchangani."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotupunguzia bei kidogo. Mume wangu alituma fedha kwa simu, akakumbushwa kuweka na ya kutolea, akakabidhiwa gunia.

Dereva wetu alirudi baada ya swala. Alimwona Simba, akaliona gunia, akasikia harufu ya aliyelibeba.

"Mama," alisema, "wewe na mtoto."

Kwa hiyo Baba Zawadi alirudi Mwanga kwa miguu, gunia begani, akisindikizwa na mbwa wake wawili na koko wote wa njiani, ambao hawakuwahi kukutana na binadamu mwenye harufu nzuri namna ile. Majirani walitoka kumpokea. Mmoja alitaka auziwe sado moja amtumie dada yake Dar es Salaam, ambako dagaa wa Kigoma huuzwa ghali. Mwingine alitaka mbili. Mume wangu, ambaye angekufa kuliko kusimulia, alijibu kwamba hatuuzi, akafunga mlango. Jumatatu tulilipakia gunia kwenye basi la Kasulu, liende kwa mama mkwe akawape kuku wake, na kwa bahati mbaya tulionwa stendi. Sasa mtaani inasemekana kwamba Baba Zawadi anasafirisha dagaa kwa jumla, na juzi mwenyekiti wa mtaa alipita kuuliza, kwa upole, kama ana leseni.