Hodi Inabishwa, Ndani Kimya

Jamani, mwili wangu unanidhulumu. Daktari kasoma majibu ya damu mpaka akavua miwani: sukari imejaa. Haya, kama imejaa, mbona vidato vinne vya ngazi nahema kama nimefukuzwa na nyuki? Eti ipo damuni, ila haiingii kwenye seli. Nakufa kiu, mafuriko yako kiunoni!

Nikamuuliza, si kuna insulini, ile homoni wanayosema ndiyo ufunguo wa kuingiza sukari kwenye seli? Akacheka. Ufunguo gani! Insulini inatoka kongosho, inafika kwenye seli ya msuli, inabisha hodi kwenye kipokezi kilichochomoza nje, basi. Ujumbe inautoa hapohapo nje bila kuhitaji kuingia ndani, na dakika chache baadaye nusu yake haimo tena damuni. Kazi ya hivyo na mimi naitaka.

Vituko viko ndani. Kipokezi kikisikia hodi, nusu zake mbili zinaanza kubandikana fosfeti, vibandiko vya kemikali vya kuwashia au kuzimia kazi, nibandike nikubandike. Anakuja IRS, protini ya kupokea ujumbe, naye anabandikwa. Anamwita PI3K, protini mwenzake, huyo anatengeneza PIP3, aina ya mafuta, kwenye utando wa seli, PIP3 inamvuta Akt, protini nyingine, na Akt haamki mpaka naye abandikwe fosfeti zake. Akishaamka anamnyamazisha AS160, protini mlinzi aliyekuwa amezuia vifuko vyenye GLUT4, protini ya kupitisha sukari. Ndipo vifuko vinapanda juu. Na hiyo GLUT4 ndiyo mlango wenyewe! Nani anajenga nyumba halafu mlango anauweka stoo, mgeni akibisha ndiyo uanze kutafutwa?

Tena humohumo yumo protini PTEN, kazi yake kuifuta PIP3. Kila familia ina mmoja wa namna hiyo.

Kwangu mimi, mafuta yamerundikana mpaka ndani ya misuli na ini. Hayo yanamvuruga IRS: anabandikwa fosfeti mahali pasipo pake, ujumbe unaishia kwake. Kongosho linaongeza insulini, hodi sasa inapigwa kwa ngumi, ndani kimya. Ubongo wenyewe haungoji hodi ya mtu, unajichotea sukari. Ndiyo maana nguvu za kulalamika sijapungukiwa.

Nikauliza, mlango wa nyuma hakuna? Akasema upo: msuli ukifanya kazi unaitoa GLUT4 wenyewe, insulini iwepo isiwepo. Nikachangamka! Unafunguliwaje huo, daktari?

“Kwa ngazi.”

“Vile vidato vinne?”

“Fika juu kwanza.”