Kamera unaiangalia ukiwa Reading, mwizi yuko Goba

Wabongo wenzangu tunaoishi nje, hii tabia yetu ya kujenga nyumba Dar, Goba, Madale, sijui Kigamboni, unazungusha ukuta mrefu, juu unaweka nyaya za umeme, kila kona kamera, halafu jirani wa geti la pili hata jina humjui, mi naona tunajidanganya. Na tabia yenyewe tumeiokota huku huku.

Huku Uingereza mtaa unalindwa na vifaa. Hapa Reading ninapokaa karibu kila mlango una kengele ya kamera, ukitoka tu kwenda kutupa taka ushaingia kwenye simu za watu. Kuna na vibandiko vya Neighbourhood Watch vimepauka madirishani, ule mpango wao wa majirani kuangaliana ulioanzia kijiji cha Mollington huko Cheshire mwaka 1982, ila siku hizi kazi yote imehamia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Sasa asubuhi moja nafungua grupu nakuta picha, "kuna mtu anazubaa karibu na magari, mweusi, kajifunika kofia ya koti, kuna anayemjua?" Naangalia vizuri, ni mimi. Nilikuwa nimesimama usiku namsubiri jamaa anipitie twende shifti. Na watu walishaanza kuulizana kama wapige 101, ile namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura. Nikaandika tu habari zenu, huyo ni mimi wa nyumba ya kona. Mmoja akaweka dole gumba, aliyepost akaifuta, biashara ikaishia hapo. Hao ni watu tunaopishana kila siku na mapipa ya taka jamani, na hakuna hata mmoja aliyefungua mlango akauliza we vipi.

Tandika nilikokulia usingemaliza dakika tano. Mama anayekaanga mihogo pale kona angeshakuuliza "kaka habari, unamtafuta nani?" na hilo swali ukilisikiliza vizuri ni ukaribisho na ni upelelezi humo humo, maana ukijibu kwa Mzee fulani anakuuliza mzee yupi, ana watoto wangapi, na kama unababaisha ujue vijana wa kijiweni washakukariri sura. Juu yake kuna mjumbe wa nyumba kumi, mambo ya tangu enzi za TANU miaka ya 60, na japo kisheria siku hizi mwenye mtaa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe amebaki kuwa mtu wa chama, mgeni akihamia bado watu wanamwambia nenda kajitambulishe kwa mjumbe. Wakenya nao Nyumba Kumi waliifufua mwaka 2013 baada ya lile shambulio la magaidi kwenye maduka ya Westgate, Nairobi, wakaona polisi peke yao hawawezi kujua nani kapanga chumba gani.

Turudi Goba. Rafiki yangu, naye yuko huku, ana nyumba pale na kamera anaziona kwenye simu. Siku wezi wanaingia kupiga pampu ya maji na nyaya aliwaona laivu, yuko kazini Slough, anapiga simu kwa mlinzi haipokelewi (mlinzi mwenyewe alikuwa ndani ya dili, ilijulikana baadaye), anapiga kwa mdogo wake yuko Mbagala kwenye foleni, jirani yeyote wa pale hana namba yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyewakwamisha ni dada wa genge upande wa pili wa barabara, aliona kirikuu kinapakia vitu saa nane mchana akawauliza mnahama au mnahamisha, wakababaika, akaita bodaboda wa pale kituoni, jamaa wakaacha pampu wakakimbia. Na kwa huyo dada, mwenye nyumba alikuwa hajawahi kununua hata nyanya.

Ila nisidanganye watu kwamba kwetu kila kitu ni raha. Hilo yowe la "mwizi!" linaua. Hao walikimbia, wangekamatwa tungekuwa tunaongea mambo ya tairi na petroli, na mara ngapi imekuja kujulikana marehemu alikuwa ni mtu tu wa kudai hela yake au kakosea nyumba. Picha yangu ingepostiwa grupu la mtaa wa Dar usiku ule, wiki ambayo watu wana hofu na Panya Road, yale magenge ya vijana wanaovamia na kupora, kama ile Septemba 2022, sijui kama ningepata nafasi ya kuandika habari zenu. Hapo Waingereza wanatushinda mbali. Fundi mmoja ninayefanya naye kazi gari lake lilivunjwa vifaa vyote vikaenda, polisi wakampa namba ya kesi kwa imeili, bima ikalipa, mwizi hakuonekana mpaka leo na hakuna aliyechomwa. Inauma, lakini mi naichukua hiyo.

Kwa hiyo mnaojenga, ukishuka likizo usikimbilie tu mafundi wa kamera. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa ujiandikishe, acha namba kwa majirani wa kulia na kushoto, nunua gengeni hata kama mboga zake zimenyauka. Msiba ukitokea mtaani tuma rambirambi, maana kwetu usiposhiriki misiba ya watu siku unapiga yowe wanageuka upande wa pili. Na mchango wa ulinzi shirikishi lipa, ni hela ndogo kuliko unayolipia intaneti ya hizo kamera, ila dai risiti kila mwezi. Mi nazidai mpaka mwenyekiti wangu ananiita Mzee wa Risiti, na sijaacha.