Mtawanyiko si lazima uwe vurugu

Ukimwambia mtu kwamba kitu kimetawanyika, atawaza fujo: umati uliokimbia kila mmoja njia yake, karatasi zilizopeperushwa na upepo. Ndiyo sababu wapo wanaosema neno mtawanyiko halifai kwa sayansi, ambako hutumika kwa mwanga unaotengana rangi zake na kwa namba zinazoachana katika takwimu. Kwao, bora tukope tu dispersion ya Kiingereza na kusema dispasheni, neno ambalo mwanafunzi hatalihusisha na ovyo-ovyo wowote.

Hoja yao ina uzito. Mwanga mweupe ukipita kwenye prizimu, kile kipande cha kioo chenye pembe tatu, hauendi kiholela. Kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Katika kioo kimoja kinachotumika sana kwa lenzi, kipimo cha kupinda ni takriban 1.514 kwa nyekundu na 1.522 kwa buluu. Tofauti ni sehemu nane tu za elfu, nayo haibadiliki leo wala kesho. Jambo lenye nidhamu kiasi hicho kuitwa kwa neno la umati uliofukuzwa, naelewa kwa nini linawakera.

Hata hivyo naona neno letu linaonewa. Kwa ovyo-ovyo Kiswahili kina maneno yake: takataka huzagaa, mafuta hutapakaa, mali hutapanywa. Kutawanyika kuna maana pana zaidi. Tunasema nyumba za kijiji zimetawanyika, na hakuna nyumba iliyokimbia. Tunachosema ni kwamba kuna nafasi kati ya moja na nyingine.

Hiyo ndiyo maana hasa ambayo takwimu inaihitaji. Chukua wanafunzi watatu waliopata alama 49, 50 na 51, na wengine watatu waliopata 10, 50 na 90. Wastani ni 50 kote kuwili. Mwalimu aliyepewa wastani peke yake atafundisha makundi yote mawili namna moja, na katika kundi la pili atakuwa amewakosa wawili kati ya watatu: mmoja ameachwa nyuma tangu mwanzo, mwingine anasubiri wenzake. Kwa kanuni ya mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zilivyo mbali na wastani, kundi la kwanza lina karibu 0.8 na la pili karibu 32.7, yaani mara 40. Mara arobaini, na wastani haukusema lolote! Mwambie mwanafunzi kwamba dispasheni imekua, ataandika daftarini na kukariri. Mwambie alama zimetawanyika, ataona watoto wawili waliosimama mbali na wa katikati. Sioni kwa nini tumnyang'anye picha hiyo halafu tumlaumu kwa kutoelewa.

Kasoro ya kweli ninayoikubali iko kwingine. Mara nyingi tunaita mtawanyiko kile kinachofanywa na prizimu, na tunaita vilevile kile kinachoifanya anga ionekane ya buluu. Hayo ni mambo mawili. Katika barua yake ya 1672 kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwanafizikia Newton alieleza jinsi alivyozipitisha rangi zilizotoka kwenye prizimu katika lenzi, zikakutana tena na kuwa mwanga mweupe. Zilikuwa zimetengana kwa utaratibu, kwa hiyo ziliweza kurudishwa.

Kuliona la pili, lile la anga, sasa jaza glasi maji, dondoshea maziwa matone machache, zima taa, kisha mulika tochi kutoka upande mmoja. Ukitazama kwa ubavuni, maji yana rangi ya buluu iliyofifia. Ukitazama upande unaoikabili tochi, mwanga umegeuka manjano. Chembe ndogo za maziwa zimeugonga mwanga ukaruka huku na huku, na mawimbi mafupi ya buluu yamerushwa zaidi kuliko marefu ya nyekundu. Hapo hakuna lenzi itakayoukusanya ukawa kama ulivyotoka kwenye tochi.

Kuyaita yote mawili mtawanyiko ni kumchanganya msomaji, na kukopa dispasheni hakumsaidii, kwa kuwa la pili bado litataka jina. Jina tunalo. Umati ukishavunjika kabisa, hakuna anayejua nani kaelekea wapi, tunasema umesambaratika. Prizimu ibaki na mtawanyiko wake, na mwanga uliomo kwenye ile glasi ya maji na maziwa tuuite uliosambaratika.