Kashata yangu ilipigiwa kura

Wagosi nina swali moja tu, mnijibu kama watu wazima. Mwanaume wa miaka 46, fundi cherehani, ndevu zishaanza kuota mvi, nasimama asubuhi kwa mama bajia hapa Ngamiani namwambia nipe bajia nne na chatne, ananitazama toka kofia mpaka kandambili halafu ananiuliza, "Fundi, hizi nne zimo?" Zimo wapi? Zitakuwemo tumboni kwangu! Kumbe ye anauliza kama zimo kwenye daftari. Nkapewa mbili. Hela ninayo mkononi, bajia zipo zinachuja mafuta, watu kwenye foleni wanatazama, nkapewa mbili na chatne nyingi kidogo ya kunihurumia.

Hapo ndo nlipofikia.

Mambo yalianza Ramadhani ya mwaka juzi. Nlishona mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu, kanzu za wazee, kanzu za watoto, madera, na lile kumi la mwisho silali kabisa, daku nakulia kibandani miguu ipo kwenye pedeli. Hela iliingia mpaka nkaiogopa. Idi ikaja ikapita. Haikufika wiki, mke wangu yumo kwenye sita zake za kufunga baada ya Idi, saa mbili usiku mita ya umeme ikaanza tii, tii, tii, mara giza. Akaniambia baba watoto toa elfu mbili tununue umeme. Nkapapasa mfuko wa kanzu, mfuko wa suruali, chini ya godoro, kwenye kopo la vifungo. Nkapata mia saba na kifungo cha koti.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mi miaka yote nlijua wanasemwa wageni, kumbe zinasemwa noti zangu.

Mke hakugomba. Angegomba ningejua pa kujibia, mi kwenye ugomvi nipo vizuri. Ye akawasha tochi ya simu, akachukua daftari la hesabu la mtoto, lile la vibox, akaandika juu MATUMIZI YA BABA, akasema we andika tu, kila kitu, hata cha mia, mwezi mzima, sitakuuliza. Nkasema hilo tu? Nkaandika kwa uaminifu wote. Sijui nlirogwa na nani, maana mtu na akili zangu nlikaa siku thelathini najiandalia ushahidi wa kesi yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mwezi ulipoisha akapiga hesabu. Kahawa. Mi najua nakunywa kahawa ya mia mbili, hamna mtu anafilisika kwa mia mbili. Sa nakunywa vikombe vitano, na kahawa chungu haishuki bila kashata, kashata mbili nazo mia mbili mbili, hiyo ni 1,400 kwa siku, kwa mwezi 42,000. Kijana wangu wa kibandani amepanga chumba cha elfu 40. Yaani mi nimeipangishia kahawa chumba na nkaiachia elfu mbili ya maji.

Nkajitetea, nkasema mama we baraza la kahawa ndo ofisi yangu, pale ndo napata wateja. Akauliza mwezi huu wametoka wangapi. Nkasema mmoja. Alileta zipu ya kubadilisha. Hajalipa mpaka leo.

Akafunua ukurasa. Baiskeli. Nyie mnaijua Tanga, mji tambarare kama meza ya kukatia nguo, bibi wa miaka sabini anaendesha baiskeli kutoka Mgandini na mchicha nyuma. Yangu ilipata pancha. Kuziba pancha ni elfu, na ukijuana na fundi hata mia tano. Nkasema ntaziba kesho. Sasa wakati naisubiri hiyo kesho napanda bodaboda toka Mikanjuni mpaka barabara ya 9, kwenda elfu, kurudi elfu. Kesho ilinichukua siku 26 za kazi kufika. Pigeni hesabu wenyewe, mi nshapigiwa.

Halafu akafika kwenye neno nlilokuwa naliombea aliruke. "Baba watoto, hii MENGINEYO ni nini? Na mbona inatokea Jumamosi na Jumapili tu?" Nkakohoa. Ilikuwa mikeka. Elfu hapa elfu pale, timu nane, saba zinaleta ya nane inakuua. Nkaanza kumweleza kwamba mpira hautabiriki, mbona hata Coastal Union yetu ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 na hamna aliyetegemea. Akasema sawa, basi subiri wachukue wa pili ndo ubeti. Wagosi, mi ni Coastal damu, lakini pale nlielewa nimehukumiwa kifungo cha maisha.

Nkadhani imeishia nyumbani. Jumapili ile akaniambia vaa kanzu safi tunatoka, nkajua harusi. Tukaingia uani kwa jirani, chini ya mwembe, nakuta mikeka imetandikwa, akina mama wamejaa, katikati sanduku la chuma lina kufuli tatu kama la maharamia. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Tupo 28, wanaume wawili. Mwanaume mwenzangu ni mzee mmoja hasikii vizuri, ndo maana ana raha. Na mkeka pekee niliobakiwa nao duniani ndo ule wa kukalia pale.

Nlijaribu kutafuta mlango wa kutokea. Nkasema moyoni hawa lazima hawajasajiliwa, maana nlishasikia kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama hivi vipo daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Nkanyoosha mkono, nkauliza kwa sauti ya mtu msomi, jamani cheti tunacho? Mwenyekiti akasema kamleteeni fundi cheti. Kikaletwa kimewekwa kwenye fremu ya kioo, fremu nzuri kuliko ya picha ya harusi yangu. Halafu katibu akasema fundi hujapewa ruhusa ya kuongea, mia mbili. Hiyo ndo faini yangu ya kwanza, dakika ya tisa.

Kuna mama mmoja ndo mwalimu wa kikundi, akatupa historia. Kwamba mtindo huu wa kuweka hisa sandukuni ulianza Niger mwaka 1991, huko Maradi, wanawake wa kijijini wakishirikiana na shirika la CARE, ndo ukasambaa Afrika mpaka ukatufikia Tanzania na kuitwa vikoba. Watu wakapiga makofi. Mi nlikuwa nawaza vingine. Niger! Nchi ya jangwa, haina hata bahari, kina mama wamekaa zao kwenye mchanga mwaka 1991, mi nipo kijana mdogo nacheza mpira wa makaratasi, wao wanapanga namna ya kuja kuninyima kashata Ngamiani.

Taratibu zenyewe hizi. Hisa moja elfu mbili, kila Jumapili unanunua kuanzia moja mpaka tano, na mia tano ya mfuko wa jamii. Ukichelewa faini mia tano, simu ikiita mia tano, kuongea bila ruhusa nshawaambia. Mkopo unapata mpaka mara tatu ya hisa zako, na riba hamna, hapo wazee wa mtaa walishasema mapema. Nkauliza (safari hii kwa ruhusa) kama riba hamna mfuko wa jamii unajaaje? Mwenyekiti akatabasamu akanitazama. Miezi mitatu baadae ndo nkaelewa lile tabasamu. Unajazwa na mimi. Simu yangu iliita vikao vinne mfululizo, na mara moja ilikuwa ni ujumbe wa kuniambia nimestahili kukopa elfu saba. Nkalipa mia tano kwa ajili ya kuambiwa nikope. Ila mtoto wa mama mmoja alipougua usiku, walitoa hela ya gari na dawa kwenye mfuko ule ule, na mama yake siku hizi akiniona ananishukuru, asante fundi. Sijui nimjibu nini. Nimjibu karibu?

Lakini kisa cha kufuli ndo kiliniuma. Jumatano moja nlikwama, jora la kitambaa limeshuka bei, nkasema si nina hela yangu sandukuni, hisa zangu halali, ngoja nkachukue elfu thelathini ntarudisha Jumapili kimya kimya. Sanduku linakaa kwa mtu, funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wengine, na hawaruhusiwi kuwa nyumba moja. Nkaenda Makorora kwa ufunguo wa kwanza, naambiwa yupo msibani Pangani. Nkaenda Chumbageni kwa wa pili, huyo nkamkuta, akanikaribisha, akanipa na juisi ya ukwaju, akanisikiliza shida yangu yote mpaka mwisho, akasema pole sana fundi, Jumapili. Wa tatu sikwenda. Wa tatu ni mama mkwe wangu.

Miaka ishirini na kitu mi ndo nawapima watu viuno na mabega na wanasimama kimya, leo mtaa mzima unanipima mimi.

Maana siri imekwisha kabisa. Kila mwanachama alipewa watu wawili wa kuangaliana, na mi nkapewa mama bajia na mama anayekaanga mihogo, yaani wamenichagulia askari kwenye vituo vyote viwili ninavyopita. Ile kashata ilipigiwa kura kikaoni. Mke akasema aachwe na moja, akina mama wakasema asiachwe, mwenyekiti akasema haya mikono juu, nkapata moja kwa kura 15 dhidi ya 12, mzee asiyesikia alidhani tunaomba dua kwa hiyo mikono yake yote miwili ilikuwa juu, wakaihesabu moja. Nkasema poa, ntahama kijiwe. Nkaenda mpaka barabara ya 14 kwa mzee mmoja wa kahawa sijawahi kumwona maishani, nkakaa pembeni, nkaagiza cha pili, akanimiminia nusu. Namuuliza mzee mbona nusu? Ananiambia we si yule fundi wa kanzu mume wa fulani? Akaongeza, mke wangu mi naye anahudhuria kikoba chenu. Nkamwambia basi nipe maji. Maji alijaza.

Kitu kimoja ntakubali, na msiwaambie. Zamani sisi tulikuwa tunanunua kila kitu kwa kipimo. Mafuta ya kupikia kipimo, sukari robo, mchele nusu, sabuni kipande, kila jioni mtoto anatumwa dukani na mia tano, na mwenye duka anatajirika kwa miguu ya mtoto wangu. Sasa kaya tano tunachanga, tunanunua gunia la mchele wa Mombo na dumu la mafuta la lita ishirini, tunagawana uani. Mara ya kwanza mke alipolinganisha na daftari la zamani alirudia hesabu mara tatu akidhani amekosea. Ila kugawana kwenyewe ni vita, nyie. Watu wazima wanakodoa macho kwenye mzani, mmoja akitikisa debe mwingine anasema usitikise, na mafuta yakibaki chini ya dumu linapinduliwa juu ya chupa linaachwa mpaka asubuhi lidondoke tone tone, na kuna mtu wa zamu ya kulilinda. Mi nlishalinda dumu. Saa tano usiku, mbu wa Tanga wale, nimekaa kwenye kigoda natazama mafuta yanadondoka.

Na baiskeli ilizibwa. Mia tano.

Mwaka ukaisha tukavunja kikoba, funguo tatu zikaja, sanduku likafunguliwa, majina yakasomwa. Mi nlikuwa na hisa 159, nkahesabiwa 318,000 mkononi. Wallah mikono ilitetemeka. Sijawahi kushika hela mwezi wa kumi na mbili ambayo sidaiwi. Nkaanza kuiwazia taratibu, kiatu kipya, labda na simu maana hii kioo kimepasuka, na kidogo cha... mengineyo.

Nanyanyua kichwa, akina mama wote wananitazama. Mwenyekiti akasema fundi, sisi tulishakaa. Lini? Wiki iliyopita ulipokwenda kuswali. Wameona nipigie pedeli mpaka lini, magoti yananiuma, kanzu moja inanichukua siku, wameshaulizia bei ya mota ya cherehani, na mke ameshaafiki. Kura nyingine. Mzee asiyesikia mikono juu.

Nkanunua mota. Kusema kweli inakimbia, kanzu mbili kwa siku na goti limepoa, foleni ya wateja sasa hivi inafika kwa muuza machungwa. Nimeifunga nyumbani maana kibandani hamna umeme. Tatizo ni kwamba ile mita, ambayo nayo ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi inakata kodi ya jengo ya mwenye nyumba wakati mi mpangaji tu, imeanza tena. Tii, tii, tii. Juzi imelia nipo katikati ya kola. Nkamwambia mtoto kalete elfu tano kwenye kopo la vifungo, mke akasema subiri, hiyo haimo.

Jumapili hii nasikia ajenda namba moja ni umeme wa fundi. Nimeshazima simu kabisa, nimetoa na betri.