Mgeni au mlezi? Wazee waliofungiwa wakati wa Uviko-19

Siku mbili tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, Machi 11, 2020, kwamba Uviko-19 ni janga la dunia, Marekani iliagiza makao ya wazee yasipokee wageni. Uholanzi ikafuata Machi 20. Mtoto akazuiwa kumwona mama, mke akazuiwa kumwona mume.

Waliofunga milango walikuwa na sababu nzito. Virusi vikishaingia ndani, vilipita chumba hadi chumba na mikono ileile inayoogesha na kulisha. Huko Marekani, takribani robo tatu ya waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa na miaka 65 au zaidi. Barakoa hazikutosha, vipimo vilikuwa vya kutafuta, chanjo hakuna. Kwa wiki zile za mwanzo, hata mimi ningefunga.

Kasoro ni kwamba kila aliyekuja kutoka nje alihesabiwa kuwa mleta virusi, basi. Binti anayekuja kila mchana kumlisha mama aliyepoteza kumbukumbu si mgeni. Anajua kwamba mama huficha chakula shavuni bila kumeza. Anajua ukimya upi ni usingizi na upi ni maumivu. Alipozuiwa, sehemu ya matunzo ilibaki nje pamoja naye, dirishani, kiganja kikiwa kwenye kioo, na mama ndani haelewi kwa nini mwanawe haingii. Simu ya video iliwafaa wengi, lakini kwa mzee mwenye masikio mazito ilikuwa sura ndogo inayokatakata.

Upweke wenyewe nao una hatari zake mwilini. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na mwanasaikolojia wa Marekani Julianne Holt-Lunstad mwaka 2015 ulihusisha upweke na ongezeko la asilimia 26 la uwezekano wa kufa mapema. Kukosa watu wa kukutana nao kulihusishwa na asilimia 29.

Kweli, si wazee wote waliolemewa. Tafiti za Marekani za mwaka 2020 zilikuta vijana wakisumbuliwa na wasiwasi na huzuni kuliko wazee. Siyapingi matokeo hayo. Ila dodoso humfikia anayeweza kujibu, na mama yule wa dirishani hayumo.

Wapo wanaosema mzee angeachiwa achague mwenyewe. Ningekubali kama angekuwa anaishi peke yake. Katika makao, uamuzi wake unaingia hadi kitanda cha jirani aliyeamua vingine.

Kinachonivuta zaidi ni walichofanya Waholanzi. Mei 2020 makao 26 yaliruhusiwa kwa majaribio kupokea mgeni mmoja kwa kila mkazi, kwa masharti ya usafi na barakoa. Katika wiki zile za mwanzo hakukuripotiwa maambukizi mapya. Ni jaribio dogo, tena maambukizi yalikuwa yameanza kupungua, kwa hiyo halimalizi mjadala. Lakini lilionyesha njia mapema, na bado sehemu nyingi ziliendelea kufunga kwa miezi, hata zilipokuwa na barakoa na vipimo vya kutosha. Hilo ndilo nisiloweza kulitetea. Watumishi wa makao walirudi kwao kila jioni, wakalala na familia zao, asubuhi wakapimwa na kuingia kazini. Binti angeweza kupimwa kwenye mlango uleule.