Skrubu au gundi? Sumaku inayopotea kwenye chuma chakavu

Mguu wa meza ya fundi mmoja wa simu na kompyuta pale Mikindani umeng'ang'aniwa na sumaku mbili za "hadi diski" mbovu, yaani diski ya kuhifadhia data ya kompyuta. Anazinasishia skrubu ndogo zisipotee. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Alipozibandua kwa bisibisi bapa, moja ikameguka pembe. Diski nyingine kama hizo huuzwa chuma chakavu, kwa kilo.

Hizo ni sumaku za neodimi, chuma na boroni, na karibu theluthi ya uzito wake ni madini adimu, hasa hiyo neodimi. Zikiingia tanuruni na chuma kingine, madini hayo huishia kwenye mavi ya chuma, takataka za tanuru. Na ni madini yenye mwenyewe: Aprili 2025 China ilipoanza kudai leseni kwa anayesafirisha nje disprosi na terbi, madini adimu mengine yanayotiwa kwenye sumaku, viwanda vya magari vya nje vilihaha. Ndiyo maana wengi wanataka bidhaa zisanifiwe ili sumaku ichomoke nzima, itumike tena.

Wasanifu nao wana hoja. Neodimi hushika kutu upesi, hasa kwenye hewa ya chumvi kama yetu, kwa hiyo lazima ipakwe nikeli na kufunikwa vizuri. Kuitoboa ili ipite skrubu ni kuitafutia ufa. Ndani ya mota inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, sumaku iliyolegea ni balaa. Na spika ya simu? Sumaku yake ni ndogo kuliko kunde. Ujira wa kuifungua unaipita thamani.

Mimi ningewaachia gundi kwenye vidogo. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kimeonyesha kuwa haidrojeni huigeuza sumaku kuwa unga, ukatoka bila kufungua skrubu hata moja. Lakini mota ya bajaji ya umeme au ya gari haina kisingizio: ifunguke, na iandikwe nje kuna sumaku gani ndani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 imekwishaweka sharti la lebo hiyo.

Kwetu kuna kikwazo ambacho msanifu hakioni. Mnunuzi wa chuma chakavu ana bei moja tu, ya chuma. Nilimuuliza fundi kama angezitenga sumaku iwapo mota zingekuwa rahisi kufungua. "Nimpelekee nani?" akasema, akachomoa skrubu kwenye mguu wa meza na kuendelea na simu ya mteja.